Wakili Aliyemeza Herufi Moja

Paukwa. Ngoja kwanza, usikimbilie kuitika pakawa. Katika nchi ninayotaka kuwaeleza, kuitika kulihesabiwa sawa na kutia sahihi, na waliowahi kuitika ndio waliolala nje.

Nchi yenyewe iliitwa Subirini. Wazee wanasema jina lilitokana na mtawala wao wa kwanza. Siku ya kuapishwa alishuka garini akawakuta wananchi wamesimama juani tangu alfajiri, wanataka kujua nchi yao itaitwaje. Akawatazama, akasema, "Subirini," akaingia ndani kula. Hakutoka tena. Watu wakapiga makofi, wakashona bendera.

Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Ardhi na Subira, na mbele ya wizara palikuwa na ubao mkubwa kuliko ukuta wa kanisa. Ubao huo ndio Sheria ya Maswali ya Kawaida. Serikali iliona kwamba raia wanaouliza ovyo wanachelewesha maendeleo, basi ikakusanya maswali yote ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuuliza kuhusu nyumba, kiwanja na wakili, ikayajibu mara moja kwa ajili ya vizazi vyote, ikayapaka rangi pale. Swali likiwa ubaoni, ni la kawaida, liulize ujibiwe. Lisipokuwepo, hilo si swali. Ni uchochezi.

Chini kabisa ya ubao palikuwa na maandishi madogo, lakini magugu yalishayafunika, na mbuzi wa jirani walipenda kujikunia pale. Hakuna mheshimiwa anayeinama kusoma sehemu mbuzi anapojikunia.

Sasa twende kwa Havijawa.

Havijawa binti Mkwanda, majirani wakimwita Mama Sikudhani kwa jina la bintiye, alikuwa mfuma masweta ya shule. Cherehani yake ya kufumia ilikaa barazani, na yeye na mwanawe walikaa vyumba viwili vya nyuma yake, katika nyumba ya Mzee Ndimbo, Mtaa wa Mkoroshoni. Alikuwa mpangaji. Tena mpangaji mwenye wasiwasi. Mvua ikinyesha anatazama paa. Jua likiwaka anatazama paa. Mtu akibisha hodi, kabla ya kusema karibu, anamwangalia Sikudhani yuko wapi na viatu vyake viko wapi, kwa sababu aliwahi kufukuzwa nyumba tatu, na mara zote mtoto alitoka bila viatu.

Siku moja Mzee Ndimbo akaja, akakaa kwenye kigoda, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Binti yangu," akasema kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa yamechoka na yeye alidhani ya wenzake yamechoka pia. "Mimi narudi kwetu nikazeeke vizuri. Nyumba hii simpi dalali. Madalali wananuka. Ichukue wewe."

"Mimi, baba?"

"Ndiyo, kabla sijafa! Kwani nimesema nakufa? Ichukue. Umeitunza kuliko wanangu walivyonitunza mimi."

Wakakubaliana bei pale pale, wakapeana mikono, na Mama Sikudhani akaenda uani akalia kimya kimya kwenye ndoo ya maji. Ukitaka kujua nini kilikuwa hatarini katika hadithi hii, ni hicho tu: mlango mmoja ambao hakuna mtu angekuja kuubisha ili mwanawe atoke. Hakutaka ghorofa wala shamba.

*

JE, NAHITAJI WAKILI? Jibu: Ndiyo.
JE, NAWEZA KUFANYA BILA WAKILI? Jibu: Soma tena jibu la juu.

Mama Sikudhani alisimama mbele ya ubao na kanga begani, akasoma polepole akifuata mistari kwa kidole. Karani wa Maswali, Bi Yustina, alikaa kivulini na filimbi shingoni. Filimbi ile ilikuwa ya kuwafukuzia wanaouliza yasiyo ya kawaida.

"Dada, samahani. Nitamjuaje wakili mzuri?"

"Liko mstari wa tatu. Unasoma au unaota?"

NITAMJUAJE WAKILI MZURI? Jibu: Waulize wateja wake walioridhika. Utawakuta mapokezi kwake.

Basi akaenda kwa Wakili Msomi Selestini Mbawala, ambaye kila mtu mjini alimtaja kwa kushusha sauti kidogo, kama mtu anavyotaja ugonjwa. Ofisi yake ilikuwa na zulia, feni, maua ya plastiki, na pale mapokezi, juu ya kiti chenye mto, alikaa bibi mmoja mkongwe. Mgongoni, kwenye kanga yake, palikuwa na alama ya muhuri wa wino wa zambarau. Mama Sikudhani akafikiri ameegemea mahali pabichi.

"Shikamoo, bibi."

"Nimeridhika," akajibu bibi.

"Eh! Umeridhika? Na huyu wakili yukoje?"

"Nimeridhika."

"Ulikuja kuuza au kununua?"

Bibi akatupia jicho mlango wa ndani. Midomo ikamcheza. "Nimeridhika, mwanangu. Nimeridhika, nimeridhika." Na machozi yakamdondoka.

Mama Sikudhani akaguswa sana. Hajapata kumwona mteja aliyeridhika mpaka kulia. Akasema moyoni, hapa ndipo.

Mama zangu mnaosoma, hapo ndipo mnapokosea. Mtu aliyeridhika hasemi nimeridhika mfululizo kama kasuku. Aliyeridhika hukuambia na kasoro ndogo mbili tatu.

*

Ofisi ile ilikuwa na milango miwili. Wa kulia umeandikwa WANUNUZI. Wa kushoto umeandikwa WAUZAJI. Mama Sikudhani akaingizwa kulia, Mzee Ndimbo akaingizwa kushoto.

Kulia akaingia Wakili Msomi Mbawala, amevaa tai nyekundu.

"Mama, karibu katika haki," akasema, akakaa. "Kuanzia dakika hii mimi ni ngao yako. Wakili wa upande wa pili ni mtu hatari. Lakini nitamkabili."

"Ahsante, mheshimiwa. Anaitwa nani?"

"Mbawala."

"Na wewe ni...?"

"Mbawala. Tunafanana majina. Subiri hapo."

Akatoka. Ukutani zikasikika sauti mbili zinazofanana kama kuku wa tumbo moja. "Mteja wangu hatakubali hata kidogo!" "Atakubali, atake asitake!" "Unanitisha, ndugu msomi?" "Nakuheshimu, ndugu msomi, ndiyo maana nakutisha!" Kisha meza ikapigwa ngumi. Mama Sikudhani, ambaye ni mwoga lakini pia ni mdadisi, akasogea akachungulia tundu la ufunguo. Akamwona Wakili Mbawala peke yake kwenye korido, ameshika tai nyekundu mkono huu na ya buluu mkono ule, anabadilisha kila anapomaliza sentensi. Jasho linamtiririka. Mtu akifanya kazi, mwacheni afanye kazi.

Alirudi akihema, tai nyekundu imekaa upande. "Nimempiga chini, mama! Lakini ni mbishi yule, wee! Ana akili nyingi."

Mama Sikudhani akaenda mbio mpaka kwenye ubao, akamwambia Bi Yustina, "Dada, wakili mmoja anaruhusiwa kusimama pande zote mbili?"

"Mstari wa saba," akasema Bi Yustina, akipiga mwayo.

JE, WAKILI MMOJA ANAWEZA KUMTUMIKIA MUUZAJI NA MNUNUZI? Jibu: Hapana, ni mwiko. Kila upande lazima uwe na wakili mwenye tai yake.

"Lakini tai ni mbili, mtu ni mmoja."

Bi Yustina akashika filimbi. "Hilo liko mstari gani?"

"Haliko."

"Basi hujaliuliza. Nenda."

*

ITACHUKUA MUDA GANI? Jibu: Ndiyo.

Wakangoja. Wakati wanangoja, Wakili Mbawala alimweleza kwamba hakuna uuzaji wa nyumba usio na upekuzi rasmi, yaani kuhakikisha kwamba nyumba ni ya anayeiuza na haina deni wala mgogoro. Mama Sikudhani akafurahi. Hilo alikuwa amelisikia redioni, kwamba mtu usinunue nyumba bila upekuzi kwa msajili wa hati.

Kesho yake wakaja wanaume wanne wenye makoti. Wakapekua. Wakafunua godoro, wakamwaga unga, wakafungua mkoba wa shule wa Sikudhani wakasoma daftari la hesabu, wakarudisha na kusema mtoto amekosea la tano. Wakafunua sufuria.

"Jamani, upekuzi si unafanyika kwenye vitabu vya serikali?" akauliza Mama Sikudhani.

"Vitabuni kuna vumbi, mama. Hapa kuna samaki."

Taarifa ya upekuzi ikaletwa na tarishi. Ilisema: Nyumba imepekuliwa kikamilifu. Hakuna mgogoro uliokutwa. Alikutwa samaki mmoja, ambaye kwa sasa hayupo.

"Mama," Sikudhani akasema jioni ile, wakila wali mtupu, "hawa wanatuuzia nyumba au wanatuzoea?"

"Kula."

"Nauliza tu."

"Uliza mambo ya kawaida, mwanangu. Kula."

Na aliposema hivyo alijisikia vibaya, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Alilinyamazisha kwa mdomo wake mwenyewe, bila filimbi.

*

Siku ya kutia sahihi ikafika. Mama Sikudhani alivaa gauni la harusi za watu. Mzee Ndimbo alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Wakatenganishwa, kulia na kushoto, kama kawaida ya haki.

Wakili Mbawala akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayebariki:

"Mimi, Havijawa binti Mkwanda, mwenye akili timamu, bila kulazimishwa na mtu, nakubali kuhamishwa nyumba iliyoko Mtaa wa Mkoroshoni, pamoja na mlango, madirisha, baraza na vyote vilivyomo. Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa."

Mama Sikudhani akachukua kalamu. Kisha kidole chake, kile cha kufuatia mistari, kikakwama.

"Mheshimiwa. Hapa si ilipasa iwe kuhamishiwa?"

"Umesemaje?"

"Kuhamishiwa. Yaani nyumba inahama kutoka kwa mzee, inakuja kwangu. Nahamishiwa. Hapa pameandikwa kuhamishwa. Kama vile ni mimi ninayehamishwa."

Wakili Msomi akavua miwani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu, tabasamu la daktari mbele ya mtu aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Mama. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"La saba." Akalirudia neno lile polepole, akimtazama kucha, kanga, viatu. "Vizuri sana. Nchi inawahitaji pia watu wa la saba. Sasa mama, kuhamishiwa ni Kiswahili cha sokoni. Unakitumia ukinunua nyanya. Kuhamishwa ni Kiswahili cha sheria. Sheria haipendi herufi nyingi. Mimi nimekaa chuoni miaka nikijifunza ni zipi za kuacha. Au unataka tumwite mwalimu wako wa la saba aje atufundishe?"

Makarani wawili wakacheka. Mmoja akacheka mpaka akaomba maji.

Mama Sikudhani uso ukamwaka moto. Alifikiri labda ni kweli. Wakubwa si huwa wanameza herufi wanapoongea? Waziri mwenyewe redioni husema nchi yetu kama "nch'etu", na hakuna anayemwambia kitu. Labda elimu ikizidi, herufi zinapungua. Akaona aibu kuwa na herufi nyingi kuliko msomi. Akatia sahihi hapa, na hapa, na hapa, akahesabu na pesa za nyumba mezani.

Ninawaomba msipapite haraka hapo. Nyumba ile haikuibiwa kwa bunduki wala kwa panga. Iliibiwa kwa swali moja: umesoma mpaka wapi? Mwizi wa Subirini habebi silaha, hubeba cheti chake akikupima nacho. Na sisi tunainamisha kichwa, tunamkabidhi na ufunguo.

*

Walikuja asubuhi, na matarumbeta.

Kulikuwa na lori, kulikuwa na askari wenye glovu nyeupe, kulikuwa na utepe, na mbele yao alikuwa Waziri wa Ardhi na Subira mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Kibwana Mawenge, chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu aliyekuwa juani.

Mama Sikudhani akatoka mbio, akidhani wamemletea hati. Alikuwa amekwisha kuandaa chai.

Waziri akakohoa ndani ya kipaza sauti. "Ndugu wananchi wa Subirini! Kuna wanaosema serikali haisikii. Leo tunawaziba midomo! Mwananchi wa kawaida kabisa, mama wa la saba, ameomba kwa sahihi tatu kuhamishwa nyumba. Serikali nyingine ingemzungusha. Sisi tumemletea lori! Nani mwingine katika bara hili anahamisha watu wake kwa matarumbeta?"

Makofi. Matarumbeta. Askari wakaingia ndani.

"Mimi sikuomba kuhamishwa!" Mama Sikudhani akapiga kelele. "Niliomba kuhamishiwa! Nyumba nimelipia! Mheshimiwa, ni i! Kuna i imetoka!"

"Ametaja i," Waziri akamwambia msaidizi wake. "I ni nini?"

"Ni herufi, mheshimiwa."

"Moja?"

"Moja."

"Watu wanakosa shukrani kwa mambo madogo," akasema Waziri, akakata utepe.

Wakatoa vitanda. Wakatoa sufuria. Wakaitoa cherehani ya kufumia ikiwa na sweta nusu, uzi ukafumuka nyuma yake njia nzima mpaka kwenye lori. Sikudhani alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, askari akambandua kidole kimoja kimoja, kwa upole, maana alikuwa amevaa glovu nyeupe na kamera zilikuwepo.

"Mnatupeleka wapi?" akauliza Mama Sikudhani.

Askari akafungua karatasi. "Hapa pameandikwa kuhamishwa. Hapajaandikwa kwenda wapi. Kwenda wapi ni ombi jingine."

Basi lori likaenda mpaka mafuta yalipokwisha, na hapo ndipo wakashushwa: mbele ya Wizara ya Ardhi na Subira, pembeni mwa ubao. Mama Sikudhani akatazama chini.

Mtoto hakuwa na viatu.

*

Mlangoni Mkoroshoni siku ile ile likapigwa kufuli jipya na kibao: NIMERIDHIKA MAJENGO, MALI BINAFSI. Mwenye kampuni hiyo alikuja kulijaribu kufuli. Alikuwa Wakili Msomi Selestini Mbawala, na alivaa tai ya kijani. Katika karatasi zake mwenyewe, watu waliziona baadaye, hapakukosekana herufi hata moja. Pameandikwa vizuri, kwa wino mzito: *nimehamishiwa*. Kumbe ile i hakuitupa. Aliimeza kwetu akaitema kwake.

Na Mzee Ndimbo? Mama Sikudhani alikwenda kumtafuta wakashitaki pamoja. Kwao akaambiwa mzee hakufika. Mwishowe, akiwa hana pa kwenda, akaingia ofisini kwa wakili kumtukana. Hata hilo hakuwahi.

Pale mapokezi vilikuwa viti viwili sasa. Kwenye cha kwanza yule bibi. Kwenye cha pili Mzee Ndimbo, ndani ya kanzu yake ya pasi, na mgongoni muhuri wa zambarau.

"Baba! Unafanya nini hapa?"

Mzee akamtazama. Macho yalikuwa yake, sauti ilikuwa ya kufundishwa. "Nimeridhika," akasema.

"Umeridhika nini? Wamekufanyaje?"

Karani akajibu kwa niaba yake, akikwangua kucha. "Ameuzwa. Alikubali mwenyewe kwa dole gumba. Alisomewa: *nakubali kuuzwa na nyumba yangu*. Akasema naam. Sasa nyumba ni ya kampuni na yeye ni wa kampuni. Tumemweka hapa, wateja wapya wanapenda kuona walioridhika."

"Huyu mzee hasikii vizuri! Alisikia kuuza!"

"Basi angeuliza."

Mama Sikudhani alishika meza. Kwake yeye walipunguza herufi, kwa mzee wakaongeza. Mlangoni walikuwa wakiingia kijana mmoja na mkewe mjamzito, wametulia, wamevaa nguo za Jumapili, na mke akamsogelea Mzee Ndimbo kwa adabu, akasema, "Shikamoo, babu. Eti, huyu wakili yukoje?"

"Msitie sahihi!" Mama Sikudhani akapiga kelele. "Someni kila neno! Mkiona neno limepungua ulizeni, mkiulizwa mmesoma mpaka wapi, ondokeni! Tafuteni wakili wenu wenyewe, na mzee wa kuuza awe na wake, asiwe huyu na tai zake! Nendeni wenyewe kwa msajili wa hati, mkaone jina kwa macho yenu! Na hati ikitoka..."

Wakamtoa kwa mabega. Lakini yule mke mjamzito alisimama palepale, mkono tumboni, akimtazama Mzee Ndimbo mgongoni.

*

"I yangu iko wapi?" Mama Sikudhani akamwuliza Bi Yustina.

"Haliko ubaoni."

"I yangu iko wapi?"

Filimbi. Askari wakamsukuma, akaanguka chini pale pale kwenye magugu, mbuzi wakakimbia. Akabaki amekaa, kichwa kimeegemea ubao, hana nguvu hata ya kufuta vumbi usoni. Na kwa kuwa sasa alikuwa chini kuliko mheshimiwa yeyote aliyewahi kufika pale, macho yake yakawa sawa na yale maandishi madogo. Akayapangusa kwa kanga. Akayasoma kwa kidole.

Yalisema: *Swali lisilo la kawaida, likiulizwa na watu wengi mpaka karani achoke kulifukuza, limekuwa la kawaida, na serikali italijibu.*

Nani aliliandika hilo, hajulikani. Pengine mtu mmoja mwenye roho, kabla hajastaafishwa.

Mama Sikudhani akainuka. Akaivuta cherehani yake mpaka upande wa pili wa barabara, akakaa juu ya ndoo, akaanza kufuma. Msimu wa shule ulikuwa unaanza na watoto wa mji mzima walihitaji masweta. Akawafumia. Kifuani, mahali pa nembo ya shule, akafuma herufi moja, ndefu, nyeupe, yenye nukta juu: i.

"Mama Sikudhani, hii nini tena?" wazazi wakauliza.

"Ni herufi iliyopotea kwenye hati yangu. Naitafuta. Na wewe kaangalie hati yako."

Wakaenda kuangalia. Eh! Mji mzima ukawa unafungua masanduku. Mwenye kiwanja akakuta *amegawa* badala ya *amegawiwa*. Mjane mmoja, mumewe kazikwa mwaka uliopita, akakuta ameandikwa kwamba *amerithiwa*. Fundi seremala akakuta *ameazima* nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Watu wa la saba, watu wa la nne, na walimu wawili walioona aibu mno kusema kwamba nao walitia sahihi bila kusoma.

Wakaanza kwenda ubaoni. Mmoja, akafukuzwa. Kumi, wakafukuzwa. Watoto wakitoka shule wakapita na masweta yao, wakaimba mbele ya Bi Yustina, "I yetu iko wapi? I yetu iko wapi?" Bi Yustina alipiga filimbi mpaka mashavu yakavimba. Kisha siku moja akaipuliza filimbi, ikatoa mate tu, akaitazama. Akaitua mezani.

"Nimechoka," akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu. "Na mimi nina hati nyumbani. Naogopa kuifungua."

Sheria ni sheria. Serikali ikalazimika. Fundi rangi akaletwa na ngazi, umati ukajaa, Waziri akashuka chini ya mwavuli wake. Swali likaandikwa ubaoni, la kawaida kabisa, kwa herufi kubwa:

JE, I YANGU IKO WAPI?

Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Mama Sikudhani alishika mkono wa mwanawe. Fundi akachovya brashi. Waziri akamnong'oneza. Fundi akaandika jibu:

SUBIRINI.

Basi ilikuwa desturi ya nchi ile, tangu ile siku ya kwanza ya kuapishwa, kwamba mkubwa akitamka neno hilo, watu hukaa chini. Waziri akangoja wakae. Matarumbeta yakangoja.

Hakuna aliyekaa.

Waziri akarudia, safari hii kwa kipaza sauti, "Subirini!" Jua likawaka. Watu wamesimama. Hawakupiga kelele wala kurusha jiwe. Walisimama tu, masweta ya watoto yakimtazama kwa ile herufi moja moja, na mshika mwavuli naye, sijui mkono ulichoka au vipi, akaushusha.

Katika kimya kile kikasikika kiti kikivutwa ng'ambo ya barabara, ofisini kwa wakili. Mlango wa WAUZAJI ukafunguka. Akatoka mzee mwenye kanzu, ameshikana mikono na bibi mkongwe, wote na muhuri mgongoni, na nyuma yao Wakili Msomi akiwavuta warudi ndani, tai tatu mkononi. Mzee Ndimbo akasimama ukingoni mwa barabara. Alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo alisema kwa sauti kubwa sana, kana kwamba ni sisi tusiosikia:

"Sijaridhika!"

Kufuli la Mkoroshoni bado lipo mpaka ninapoandika haya, na Mama Sikudhani bado yuko pale barabarani, anafuma. Hadithi yangu haina mwisho wa kugawa, ina herufi ya kulinda. Kwa hiyo nikikuambia tena paukwa, mwanangu, usione haya na usiangalie nimesoma mpaka wapi. Kabla ya kuitika pakawa, niombe kwanza uisome.